Chatini ya Sadaka

Mpishi wa Mombasa haonji kwa kijiko. Hudondosha mchuzi kidogo kiganjani, akaulamba, akatulia kidogo akiisikiliza chumvi, kisha mkono ule ule ukarudi kazini. Ndivyo alivyoonja nyanya yake, ndivyo atakavyoonja mjukuu wake, na ukimwambia kuna ubaya hapo atakuuliza wewe umezaliwa wapi.

Kadzo naye alionja hivyo hivyo. Alitoka Kaloleni akiwa msichana, akapanga chumba Majengo, na katika miaka yote ya kupikia watu hakuna kitu chake kilichowahi kusifiwa isipokuwa mkono. Uso wake ulikuwa wa kawaida, sauti yake ya kawaida, na mume aliyekuwa naye aliondoka bila hata kugombana. Lakini mkono! Watu walivuka daraja la Nyali kufuata chatini yake ya nazi. Mashine ilisaga nazi, kotmiri na pilipili, halafu Kadzo akakunja mkono wa kanzu, akakamua ndimu, akauzamisha mkono besenini mpaka kwenye kifundo, akachanganya polepole. Akaonja kiganjani. Akachanganya tena.

Gari alilofanyia kazi lilikuwa lori dogo lililokatwa dirisha refu ubavuni, likapakwa rangi ya kijani, na kila alasiri likaegeshwa penye mdomo wa barabara ya Ndia Kuu. Ndani mlikuwa na jiko la gesi, friji iliyozimwa na kuwashwa kwa matakwa ya betri, na tangi la maji lenye bomba moja jembamba. Elvis aliendesha gari na kukaanga viazi karai na kachri. Kadzo alishika chatini. Mwenye gari, Bi Mehrunnisa, mjane wa marehemu Abdulgani wa duka la vitambaa, alikaa nje kwenye kiti cha plastiki akipokea salamu.

"Chema chajiuza," Bi Mehrunnisa alipenda kusema, akielekeza kidevu kwenye foleni. "Mimi sina bango, sina redio. Nina mkono wa Kadzo."

Kando ya dirisha vilitundikwa vyeti vitatu vya afya ndani ya plastiki. Anayeshika chakula cha watu hutakiwa apimwe kila miezi sita, na vyeti vile vilionyesha kwamba wote watatu wamepimwa na ni wazima. Tarehe ilikuwepo, muhuri ulikuwepo, na sahihi yenye mikia mirefu. Kilichokosekana ni kupimwa kwenyewe. Kila muda ukiisha, Bi Mehrunnisa alimpigia simu dalali mmoja wa makaratasi aitwaye Kavumbi, naye Kavumbi akaja akachukua majina, akarudi siku ya tatu na afya za watu watatu kwenye bahasha. Kwani nani hafanyi hivyo? Kupanga foleni na kikopo cha choo mkononi, mtu mzima na heshima zake!

Basi mambo yakaenda hivyo, mpaka homa ilipoanza.

Wa kwanza alikuwa Elvis mwenyewe. Alilala wiki nzima, akameza dawa za malaria, akarudi amekonda, shati likimning'inia. Hakuna aliyejali sana, maana homa Mombasa ni mgeni wa kila nyumba. Kisha wakalala dada wawili washonao mabuibui hatua chache kutoka garini. Kisha Mzee Taib, aliyeuza vinyago na mabao ya bao kwa watalii, na ambaye hakukosa viazi vyake vya saa kumi hata siku moja. Mzee Taib alizoea kumtania Kadzo: "Mimi nikifa, mwanangu, usiniletee ubani. Niletee chatini."

Alikufa siku ya kumi na mbili hospitalini. Walisema utumbo ulitoboka.

Kadzo alikwenda matangani. Binti wa marehemu alimkumbatia, akamwambia, "Baba alikupenda. Hata alipokuwa hawezi, chatini yako ndiyo aliyoiulizia, tukawa twamchukulia." Kadzo aliitikia pole, akakaa jamvini, akasikia mgongo umeingia baridi. Siyo kwa sababu ya kifo, vifo alikuwa ameviona. Ni kwa sababu jambo hili alikuwa amelisikia kabla, mahali pengine, kwa maneno yanayokaribiana na hayo.

Miaka mitatu nyuma Kadzo aliugua homa ya matumbo. Alipewa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya sita akajiona mzima, vilivyobaki akampa jirani aliyekuwa na homa yake, kama tufanyavyo sisi sote ambao huiona dawa ni chakula, ikibaki hugawanywa. Baada ya hapo akapata kazi ya kupika katika nyumba moja Bondeni. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, bibi wa nyumba akalala na homa, kisha wajukuu wawili. Kadzo akaondoka. Akauza chai na mahamri kibandani Majengo, na wateja wake wakaanza kupungua mmoja mmoja, huyu kalazwa, yule karudishwa kwao. Akaondoka tena. Kila alikohamia, homa ilimfuata nyuma kama paka aliyezoea harufu ya samaki. Yeye aliuita mkosi. Alikesha kanisani mara mbili kwa ajili ya mkosi huo, akarudi kazini Jumatatu.

*

Afisa wa afya alifika Jumatatu alasiri, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na daftari. Alijitaja kwa jina moja tu, Mwikali. Akamsalimia Bi Mehrunnisa kwa adabu, akapanda garini, akafungua friji akaweka kiganja ndani, akakitoa.

"Hii friji ni kabati tu," alisema. "Haina baridi."

"Umeme wa betri, mwanangu," Bi Mehrunnisa alijibu kutoka nje. "Jioni huwa barafu."

Mwikali akafungua bomba. Maji yalitoka uzi mmoja. Akauliza sabuni ya mikono. Elvis akampa chupa ya sabuni ya vyombo iliyozimuliwa maji mpaka imepoteza rangi. Mwikali aliandika. Kisha akavitazama vile vyeti, akavitazama kwa muda mrefu kuliko Bi Mehrunnisa alivyopenda.

"Chatini hupikwa?" aliuliza.

"Chatini haipikwi," alisema Kadzo. "Ikipikwa si chatini."

"Nani huichanganya?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

Kadzo hakuelewa swali. Akainua mkono wake wa kulia, akauonyesha.

Mwikali akamwomba washuke wazungumze pembeni, penye kivuli cha ukuta. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililomtisha Kadzo. Alimwuliza kama amewahi kuugua homa ya matumbo. Kadzo akasema zamani. Akamwuliza kama alimaliza dawa. Kadzo akatazama chini.

"Sikiliza, dada yangu. Wako watu huugua, wakapona kabisa, wakanenepa. Lakini vidudu hubaki ndani, kwenye nyongo, vikatoka kila aendapo choo. Yeye hasikii chochote. Wanaougua ni wale anaowapikia. Mikono isipooshwa sawasawa kwa sabuni, ndio njia yenyewe. Cheti chako chasema ulipimwa mwezi wa pili. Ulipimwa?"

Kadzo alimfikiria binti yake Everlyne, kidato cha pili, shule ya bweni. Alimfikiria mama yake Kaloleni. Alimfikiria Mzee Taib.

"Nilipimwa," alisema.

Mwikali akamtazama, akatoa kikopo kidogo cha plastiki mfukoni. "Basi hutaona vibaya kupimwa tena. Niletee kesho asubuhi. Majibu ni Ijumaa. Mpaka hapo, usishike chakula chochote kisichopikwa. Ukimpa mtu ugonjwa, utamjua baada ya wiki moja, hata tatu, kwa hivyo usidanganyike ukiona leo hakuna aliyeanguka."

Kikopo kile Kadzo alikiweka chumbani kwake juu ya rafu, kando ya picha ya Everlyne. Picha ikawa yamtazama, akaigeuza ukutani. Lakini asubuhi alikipeleka. Tumpe haki yake, alikipeleka. Kisha alasiri akapanda garini, akakunja mkono wa kanzu, akachanganya chatini.

Mtu atauliza, kwa nini hakusema? Aliogopa. Tuseme lilivyo: aliogopa kuitwa mchafu kuliko alivyoogopa kuua. Kuua kulikuwa mbali, ni jambo la labda na pengine, la wiki moja hata tatu. Kuitwa mchafu kulikuwa hapo hapo dirishani, mbele ya foleni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba mara nyingine kifo chenyewe humwendea mtu mwingine.

*

Bi Mehrunnisa yeye alikuwa na maelezo yake.

"Husuda hii," alisema Jumanne, akipepea uso kwa ncha ya mtandio. "Watu wamekuja na gari lao jekundu huko Makadara, hawauzi. Sasa mimi naletewa maafisa! Mzee Taib, maskini, kafa kwa siku yake, wao watamtia kwenye chatini yangu? Jicho hili, Kadzo. Mimi nalijua jicho."

"Mama," alianza Kadzo, "yule mama wa afya alisema..."

"Alisema nini?"

Elvis alikuwa akimenya viazi, ameinua kichwa. Wateja wawili walikuwa dirishani.

"Alisema tununue sabuni."

"Tutanunua. Lakini jicho haliondoki kwa sabuni. Sadaka ndiyo iondoayo balaa. Ijumaa baada ya sala twawalisha wana wa chuo cha Kurani, wale mayatima wa Bondeni. Wako tisini. Viazi, kachri, na chatini, nyingi, wale washibe waniombee. Na hiyo chatini utaifanya wewe. Sitaki mkono mwengine."

Kadzo alisema hawezi, ana mgongo. Bi Mehrunnisa akasema atamkandia mafuta ya karafuu mwenyewe. Alisema huenda watoto hawapendi pilipili. Bi Mehrunnisa akasema basi atie kidogo. Mwanamke yule alikuwa mkarimu, na mkarimu ukimpinga waonekana una roho mbaya.

Ijumaa asubuhi Kadzo aliingia nyumbani kwa Bi Mehrunnisa, juu kidogo ya Ndia Kuu, akakaa uwani na nazi zilizokunwa na beseni kubwa la bluu. Alikuwa amenunua kipande cha sabuni njiani. Alinawa mpaka viwikoni, akanawa tena, akasugua kucha kwa gunzi. Kisha akaingia chooni, na alipotoka sabuni ilikuwa imechukuliwa na msichana wa kufua. Alisikia nguo zikipigwa huko nyuma. Alisimama. Angeweza kwenda kuiomba. Bi Mehrunnisa akaita kutoka juu kwamba saa zaenda, Kadzo, saa zaenda, naye akamimina maji ya kata mikononi, akajifuta kwenye leso, akauzamisha mkono besenini.

Simu ililia mfukoni mwa aproni. Akaitoa kwa mkono wa kushoto. Mwikali.

Hakuipokea. Aliitazama ikilia mpaka ikachoka.

Wakati huo ndipo Sarrah aliposhuka ngazi. Sarrah alikuwa binti wa pekee wa Bi Mehrunnisa, na alikuwa na mimba ya miezi mitano baada ya mbili zilizoharibika. Mama yake hakumwachia hata kuinua ndoo. Yeye alimpenda Kadzo kwa sababu Kadzo hakumwuliza kila saa anajisikiaje. Tangu uchu wa mimba umwanze, kila asubuhi Kadzo alipokuja kusaga nazi na kotmiri za garini, Sarrah alishuka achanganyiwe kidogo aonje.

"Da Kadzo, nipa kidogo. Usiku kucha naiota ndimu tu."

Akakinga kiganja.

Simu ililia tena. Kadzo aliisikia ikimtetemekea tumboni. Angesema: leo basi, mwanangu. Lakini angelisema hivyo, Sarrah angeuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa moja tu. Akaushika mkono wa Sarrah, akadondosha chatini kiganjani kwa vidole vyake. Kiganja kilikuwa cha moto. Joto la uwani hili, Kadzo alijiambia, jua limeshapanda.

Sarrah akalamba, akafumba macho. "Tamu," alisema. "Hata kichwa chaniachia kidogo."

*

Watoto tisini walikaa juu ya majamvi mbele ya chuo, wamenawa na kuvaa kofia na mitandio yao ya Ijumaa, watano watano kwa kila sinia. Elvis alileta viazi kutoka garini, vya moto, vikitoa mvuke. Mwalimu wa chuo aliomba dua ndefu. Alimwombea marehemu Abdulgani, akaombea biashara, akaomba kila jicho baya lirudi lilikotoka. Watoto wakaitikia amina kwa sauti ya watu wenye njaa.

Kadzo alisimama kando na beseni la bluu kiunoni. Wakati wa dua alikuwa ameisoma simu. Ujumbe ulikuwa mfupi: Majibu yametoka, unavyo vidudu. Usishike chakula. Inatibika, nipigie sasa hivi.

Inatibika. Alilisoma neno hilo mara tatu. Miaka mitatu amehama kazi hadi kazi, amekesha kanisani, amemzika Mzee Taib, na kumbe ni neno moja tu, inatibika.

"Haya, mwanangu, wamwagie," alisema Bi Mehrunnisa, uso umemng'aa kwa furaha. Alikuwa amevaa vizuri na kujifukiza udi. "Anza na wale wadogo."

Kadzo alisogea kwenye sinia la kwanza. Alijiambia atajikwaa makusudi. Alijiambia atasema, akimaliza sinia hili atasema. Msichana mdogo wa miaka sita hivi, ambaye hakuweza kungoja, akanyoosha mkono juu, akakinga kiganja.

Kadzo alikitazama kile kiganja. Kisha akageuka, akapiga hatua nne mpaka mtaroni, akalipindua beseni.

Chatini yote ilikwenda. Kisha mwalimu akasema "Astaghfirullah," na wanawake waliokuja kutazama wakaanza wote pamoja.

"Kadzo!" Bi Mehrunnisa alikuja mbio, mtandio umemwanguka mabegani. "Sadaka ya Mungu wamwaga mtaroni? Mbele ya mayatima? Nani kakutuma? Ni wao, sio? Wale wa gari jekundu wamekupa nini?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Basi ni wewe! Jicho nilikuwa nalo jikoni mwangu!"

"Ni mimi," Kadzo alisema. Machozi yalimtoka, na sauti ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Ninao ugonjwa, mama. Homa ya matumbo. Ninao miaka mitatu, na unatoka kwenye mikono yangu. Mzee Taib nimemlisha mimi. Elvis nimemlisha mimi. Majibu haya hapa, yasome."

"Uongo! Wewe u mzima. Cheti chako kiko pale garini, kina muhuri, kimeandikwa..."

Wanawake wale wawili wakatazamana, mwenye gari na mpishi wake, na kila mmoja alijua ni nani aliyempigia simu Kavumbi. Bi Mehrunnisa akaanza kuuokota mtandio wake mabegani.

Elvis ndiye aliyepata akili. Aliwaambia watoto wale viazi vivyo hivyo, vikavu, na akaanza kuwakatia ndimu kwa kisu chake mwenyewe. Watoto walikula. Watoto hawana kinyongo na chakula. Kadzo aliwatazama, tisini wazima, na kwa muda mfupi akasikia kitu kimemtua kifuani. Alikuwa amesema. Alikuwa amesema kwa wakati.

Ndipo alipomwona Sarrah.

Alikuwa amesimama penye kona na jagi la sharbati ambalo mama yake alimkataza kulibeba. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi. Aliliweka jagi chini taratibu, kwa mikono miwili, akaegemea ukuta. Shavu lake lilikuwa na wekundu ambao Kadzo aliuona sasa kwa mara ya kwanza, au aliukubali sasa kwa mara ya kwanza.

"Ni siku ngapi, da Kadzo?" aliuliza. "Mpaka mtu ajue?"

"Wiki moja," alisema Kadzo. "Hata tatu."

Sarrah alihesabu kimya, midomo ikicheza. Bi Mehrunnisa alimtazama binti yake, akamtazama Kadzo, akamtazama binti yake tena.

"Mimi kichwa chaniuma tangu Jumatano," Sarrah alisema. "Nikadhani ni mimba."

Alikifuta kiganja chake kwenye buibui. Akakitazama, akakifuta tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akawageukia wanawake waliokuwa karibu, akauliza kwa adabu kama kuna yeyote mwenye sabuni.